Aje Aonekane Kwanza

Shuleni kwa binti yangu hapa Katandala kulikuwa na utaratibu mmoja ambao hadi leo nikiukumbuka damu inanichemka. Mtoto akiumwa, mzazi haombi ruhusa peke yake. Mgonjwa mwenyewe anatakiwa afike, mwalimu amuone kwa macho, ndipo arudishwe nyumbani akaumwe. Walisema wazazi tunadanganya, tunawabakiza watoto watusaidie kuvuna ulezi. Wapo waliofanya hivyo, sikatai. Lakini mimi hata shamba sina, nashona nguo.

Mara ya kwanza nilitii. Binti alikuwa darasa la pili, mwezi wa saba, ile baridi ya kwetu ya kuvaa sweta juu ya sweta. Mwili wote ulikuwa unachemka. Nikamfunga kanga, nikamshika mkono, tukaenda kuonekana. Tukaambiwa tusubiri, watoto wako mchakamchaka, wakirudi kuna paredi na ukaguzi wa kucha. Nikasubiri, mjinga mimi. Nimesimama uwanjani upepo unatupiga, nawaza tu nisije nikaonekana mama mkorofi. Paredi ilipofika kwenye matangazo, mwanangu akanilegea mkononi, akaenda chini mbele ya mwalimu wa zamu. Hospitali alilazwa wiki nzima, siku tatu za mwanzo akiwa kwenye oksijeni. Kifua chake hakijakaa sawa tangu hapo. Hilo nalibeba mimi, simsukumii mtu.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, alipoamka anahema harakaharaka na homa juu, sikuuliza mtu. Nilipanda naye bodaboda moja kwa moja hadi zahanati. Muuguzi akasema nimewahi, akanipa dawa na karatasi: akae ndani siku tano, asipigwe na baridi. Nikamrudisha, nikamlaza jikoni penye joto, mama mkwe akakaa naye.

Saa nne hivi mlango ukagongwa. Wanafunzi wanne wa darasa la saba, wametumwa kumfuata mtoro. Waliniamkia vizuri tu, watoto wa watu, wakasema mwalimu wa zamu anamtaka. Mmoja akaongeza kwamba asipoweza kutembea wameagizwa wambebe. Wambebe! Mama mkwe, ambaye siku zote ananiambia nisibishane na walimu, aliinuka akaja kusimama mlangoni. Akawaambia kwa Kifipa kwamba wakitaka kumbeba mjukuu wake waanze kumbeba yeye. Ni mwanamke mkubwa yule. Watoto wakaangalia chini.

Nikawaambia nitakwenda mimi. Njia nzima nilikuwa na woga, sitasema uongo. Sijazoea kugombana na walimu, nimelelewa kuwaogopa.

Mwalimu wa zamu alikuwa ofisini, yuleyule wa mwaka uliopita, daftari la mahudhurio liko wazi mbele yake. Nikampa karatasi ya zahanati. Akaisoma, akanirudishia. Akasema kwa upole kabisa kwamba karatasi hizi siku hizi zinapatikana popote, utaratibu ninaujua, nimlete mtoto aonekane dakika moja tu kisha niondoke naye. Nisipomleta ataandikwa mtoro, na majina ya watoro yanakwenda kwa mtendaji wa kata.

"Mwaka jana ulimuona," nikamwambia. "Aliangukia miguuni pako, mwalimu."

Alikuwa anakumbuka, nilimsoma usoni. Kisha akasema taratibu hakuzitunga yeye, na kama kila mama atajiamulia, shule itabaki na madawati. Hapo woga wote ukanitoka. Nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa, kitu ambacho sijawahi kukifanya mbele ya mwalimu tangu nizaliwe.

"Basi andika mtoro," nikasema. "Na mtendaji akiniita nitakwenda. Nitamwambia mwanangu ni mtoro, na anapumua."

Akaandika. Nilikaa palepale mpaka akamaliza, halafu nikaaga nikarudi nyumbani kumpa binti dawa ya mchana.

Mtendaji aliniita kweli, na nilikwenda, na nikasema nilichoahidi kusema. Alinitazama, akafunga faili, akaniambia nikamwangalie mtoto. Siku tano zote binti aliandikwa mtoro. Siku ya sita alikwenda shule mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa sweta mbili.