Gauni Nililofua Jumapili

Mwanangu Odeta hajui kuficha kosa. Sisemi hivi kumsifu, maana kwa miaka mingi jambo hilo limenitia hofu. Alipokuwa darasa la pili alipasua ndoo ya jirani pale bombani, hapa kwetu Shanwe, Mpanda. Jirani alikuwa sokoni Kashaulili. Odeta alimfuata huko huko kwa miguu kumwambia, na vipande vya ndoo amevibeba. Nilipomuuliza alikuwa na haraka gani, alinijibu kwamba ndoo ilikuwa ya yule mama, kwa hiyo alipaswa kujua.

Mimi sikulelewa hivyo. Nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Wazazi wangu walikuja kwa miguu kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na mama yangu alinifundisha kwamba mbele ya mtu mwenye kalamu unajibu ulichoulizwa, kisha unanyamaza. Sasa tuna uraia, tena wa miaka mingi. Lakini bado nikiona mtu anafungua faili, moyo unanienda mbio.

Kushona Odeta alianza kwa fundi Simon, kwenye baraza moja pale Kashaulili, akikunja mapindo ya sare za shule. Alipomaliza kidato cha nne akapata nafasi kwenye chuo cha sanaa huko pwani, asomee mavazi ya maigizo na filamu. Nilishindwa kuelewa mtu anasomaje miaka mitatu nguo za kuigizia. Baba yake, Sixte, alisema tumwache, kwani hata sindano ina njia yake. Akauza mpunga wa msimu ule, Odeta akaenda.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho, na ndipo ikaja habari ya fildi. Wiki nane mwanafunzi anafanya kazi chini ya mtu mwenye ujuzi, na mtu huyo anamjazia kitabu na kutia sahihi. Bila sahihi, mwaka unarudiwa. Kwa bahati kampuni moja ya filamu ilikuja Mpanda kupiga picha za hadithi ya wakimbizi wa mwaka ule ule wa wazazi wangu, ikamchukua kwenye idara yake ya mavazi. Akarudi kulala nyumbani.

Aliyemsimamia aliitwa Evaline, mama wa umri wangu hivi, kutoka Dar es Salaam. Odeta alisema dada Evaline hapazi sauti na hasemi neno mara mbili. Nilimwogopa kabla sijamwona.

Kila jioni Odeta alirudi mikono inanuka majani ya chai, kucha zimejaa mkaa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchakaza nguo. Wanashona gauni jipya, kisha wanalisugua kwa msasa, wanaliloweka kwenye chai ya rangi, wanalipaka udongo, mpaka lionekane limetembea mwezi mzima porini.

"Kuchakaza nguo nako kunataka chuo?" nikamwambia. "Ungenipa mimi nivae msimu mmoja wa mpunga."

"Mama, wewe ungeichakaza kweli," akasema. "Mimi nafundishwa kuichakaza kwa siku tatu."

Jumamosi ya wiki ya saba nilichelewa kwenye sala za jumuiya. Niliporudi Odeta alikuwa ameshalala kwa uchovu. Asubuhi akawahi misa ya kwanza, mimi nikabaki nijiandae kwa ya pili. Nyuma ya mlango wa chumba nikaliona gauni la kitenge, limetundikwa kwenye msumari. Lilikuwa na tope hadi magotini na doa jeusi kifuani, na bega la kushoto limechanika. Mchaniko ulikuwa umeshikizwa kwa nyuzi ndogo ndogo, kazi ya mkono wa Odeta.

Kwetu nguo ya mtu ikilala nyumbani kwako haitoki chafu. Ukiazima kitenge cha harusi unakirudisha kimefuliwa na kupigwa pasi. Ukikirudisha na jasho lako umemtukana mwenyewe. Mama yangu alikuwa na sabuni kipande kimoja kwa mwezi, na bado hakuwahi kurudisha nguo ya mtu bila kuifua. Nikafikiri Odeta kapewa gauni hilo alitengeneze, akachoka. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nililoweka, nikasugua kwa sabuni ya mche, nikasuuza mara tatu, nikaanika. Jua la mwezi wa saba halichelewi. Nikawasha pasi ya mkaa.

Odeta alinikuta namalizia mkono wa pili. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni na nguo zake za kanisani, akasema:

"Mama, hilo gauni limeshapigwa picha nusu."

Akanieleza taratibu. Jana mwigizaji alilivaa akifika mtoni. Kesho anavuka. Kwenye filamu ni dakika ile ile moja, kwa hiyo doa la jana lazima liwepo kesho, mahali pale pale. Tena gauni halikutakiwa kutoka stoo. Alilichukua bila kuomba, apate muda wa kushikiza bega lisiendelee kuchanika.

Misa ya pili sikwenda. Odeta alikuwa na picha za gauni kwenye simu, mbele, nyuma na kila doa. Tukachemsha chai. Nikaleta udongo wa nyuma ya nyumba, akaukataa, akaenda kutafuta mwekundu kandokando ya barabara. Mkaa ulikuwepo. Tulifanya kazi mpaka alasiri, yeye akipaka, mimi nikimshikia simu.

Nilipozitazama picha zile kwa karibu niliona jambo. Bega lilichanika, ndiyo, lakini kifuani na mgongoni kitambaa kilikuwa kizima, rangi yake mbichi. Mama yangu aliwahi kunionyesha gauni alilokuja nalo. Lilikuwa limeisha kifuani, pale lilipokaa fundo la mbeleko, na mgongoni, mahali pa miguu ya mtoto. Magotini halikuwa na kitu. Nikamwambia Odeta hili gauni ni la mtu asiyebeba mtoto.

"Ni kweli," akasema. "Lakini sasa lazima lifanane na jana, hata kama jana tulikosea."

Tulipomaliza nililiweka gauni kando ya picha nikaona vimefanana. Ndipo nikamwambia lililokuwa moyoni tangu asubuhi: alirudishe stoo mapema na asimwambie mtu. Imebaki wiki moja. Kitabu kiko kwa yule mama, na kalamu anayo yeye.

"Litanuka sabuni, mama."

"Litanuka chai."

Nikajua atasema, kama ile siku ya ndoo.

Jumatatu nilikwenda naye. Stoo yao ilikuwa darasa la shule iliyofungwa kwa likizo, nguo zimetundikwa kwenye kamba kila moja na namba yake. Evaline alikuwa na pini zimechomekwa kwenye ukosi wa shati. Alinisalimia kwa heshima, nikaitikia huku nikitazama kile kitabu mezani. Odeta akasema yote, kwamba alilitoa gauni bila ruhusa, likafuliwa, likarudishiwa madoa. Hakusema nani alifua. Nilisubiri aseme, hakusema. Ikabidi niseme mimi.

"Nilifua mimi," nikasema. "Hakuwepo."

Evaline alilinusa gauni, akalilinganisha na picha zake mwenyewe, zilizokuwa nyingi kuliko za Odeta. Mkono wa kulia ulikuwa umeng'aa kidogo. Akasema atamwomba mpiga picha akae upande wa kushoto. Kisha akamwambia Odeta kwamba kitabu hatakijaza leo. Yalibaki magauni sita ya wanawake wa msafara, ambayo hayajapigwa picha, na Odeta atayachakaza yote kabla ya Ijumaa.

"Mwambie habari ya mbeleko," Odeta akaniambia.

Nilisita. Sikuwa nimeulizwa. Lakini nikaeleza, nikionyesha kwa mikono kwenye kifua changu, na Evaline akasikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote.

Ijumaa Odeta alifika jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akanipa kitabu nisome. Ninasoma polepole. Alama zilikuwa za kati. Chini yake Evaline alikuwa ameandika: "Alitoa vazi stoo bila ruhusa. Alisema mwenyewe. Anaweza kazi." Halafu sahihi, kubwa, imevuka mstari.

Niliyarudia yale maneno ya katikati mara nyingi kuliko mengine. Nimeona karatasi nyingi maishani, na hii ndiyo ya kwanza niliyoona kosa la mtu limeandikwa na bado akapita.

Nikamrudishia kitabu. Gauni alilovaa lilikuwa limejaa chai na mkaa, nikamuuliza nilifue au niliache.

Akacheka. "Fua, mama. Hili ni langu."