Nimemwahidi Mgonjwa Wangu Kaburi Ambalo Sina

Admin, ficha jina langu, na wewe unayesoma ukinitambua nyamaza tu, nimechoka. Nina miaka arobaini na moja, ni muuguzi, nimeolewa Nyamira, mama wa watoto watatu. Kazi yangu ni kuwatibu wakimbizi wanaoishi huku kwetu bila ndugu. Watu hudhani tuna dawa ya kila kitu. Wapi! Siku nyingine nina panadol na neno pole.

Kuna mama mmoja Mkongo, nimwite Mama Neema. Alikuwa akiuza vitenge Ogembo. Ana saratani iliyoenea, na hospitalini walishatuambia tumpunguzie maumivu tu. Vita vilimtenganisha na Neema, mtoto wake wa pekee. Hapa ana mimi basi.

Mwezi jana alikataa dawa, akakataa uji, akageukia ukuta. Nikambembeleza mpaka nikakasirika: "Mama, unataka nini sasa?" Akasema, "Sista, kufa siogopi. Nisitupwe tu na wale wasio na wenyewe. Nizikwe kwenye boma la mtu." Sikuwa nimekula tangu asubuhi, mgongo unaniuma, nataka tu ameze dawa niende. Nikamwambia, "Utazikwa kwangu." Ilinitoka tu.

Jamani, yule mama aliamka! Uji anakunywa, dawa anameza, anataka atolewe nje aote jua, ananitania ati natembea kama bata. Hakuna dawa yangu iliyowahi kumfanyia hivyo. Nilifurahi, mjinga mimi.

Nilipomwambia mume wangu, aliweka kikombe chini. "Yaya, hapana, Mama Kerubo. Hapa kaburi ni shamba. Huyo binti akipatikana kesho, atasimama kwa chifu aseme mama yake amezikwa hapa, adai shamba. Wanangu utawaambia nini?" Nikamwambia binti hajulikani hata kama yuko hai. "Basi mzike kwenu." Kwenu! Anajua vizuri mimi mwenyewe, binti aliyeolewa, sina pa kuzikwa kwa baba yangu, sembuse mgeni. Nililia jikoni kwa hasira. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hajasema uongo, ndugu zake walishapelekana kortini kwa sababu ya kaburi.

Sasa Mama Neema ameanza kurudi chini, na daktari ameniambia nijiandae. Nikimwambia ukweli, najua atageukia ukuta tena. Nikinyamaza, atakufa akiniamini, halafu mimi ndiye nitakayempeleka kule kule alikokataa. Nimepoteza wagonjwa wengi na kesho yake nikaamka kwenda kazini, lakini hili limenishinda.

Jana nikimgeuza kitandani aliniuliza, "Sista, kaburi langu ni upande wa chai ama wa migomba?"

Nikamwambia wa migomba. Akatabasamu, akasema ni sawa, hata kwao kulikuwa na migomba.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Msikawie, kesho asubuhi naenda kumwogesha.