Dada Bonyeza na king'ora kilichokosa njia

Saa tatu asubuhi, meza ya mapokezi ya kampuni ya ulinzi haina hata mlio mmoja. Kwa wapokea simu wengine hiyo ni raha. Dada wa zamu hatulii. Anainuka, anakaa, anavuta simu.

"Habari za asubuhi, mama. Naomba ubonyeze king'ora kidogo nione kama kinanifikia."

Mama wa watu anafoka kwamba mtoto ndiyo kwanza amelala. Lakini anabonyeza. Taa nyekundu inawaka mezani, dada anashusha pumzi, kisha anapigia nyumba nyingine.

Wateja wamembatiza Dada Bonyeza. Mumewe, dereva wa lori, naye ana lake: "Wenzangu wameoa wake, mimi nimeoa king'ora."

Hakuwa hivi. Kwa miaka tisa alilinda nyumba kama mia mbili huku akinywa chai yake kwa starehe. Taa ikiwaka anatuma walinzi, isipowaka mambo shwari.

Mpaka wezi walipoingia mchana kweupe kwa mzee mmoja, fundi cherehani anayeshonea nyumbani, mwenyewe akiwa hospitali. King'ora kililia mle ndani hadi kikachoka. Mezani kwa dada, kimya. Mzee alikuwa amehamia kampuni ya simu ya bei nafuu, na laini ya zamani, iliyokuwa ikiwaita walinzi, ilikuwa imekatwa.

Cherehani zote tatu zilibebwa, pamoja na suti za watu. Kampuni ya simu inasema king'ora hakiihusu. Kampuni ya ulinzi inasema mteja hakutoa taarifa, na mkataba unamtaka atoe. Wakati wakubwa wanatupiana mpira mahakamani, mzee anashona vifungo kwa mkono. Inakera.

Nilipomuuliza, kalamu mkononi, kama kweli taarifa haikutolewa, Dada Bonyeza aliinuka akafunga mlango.

"Aliniambia mimi," anasema. "Alipiga kubadilisha namba. Akasema, 'Mwanangu, nimehama mtandao, sasa naongea mpaka ulimi unauma!' Nikacheka, nikampa hongera, nikaandika namba mpya. Haikunijia kabisa kwamba na king'ora kimepoteza njia."

Kumwambia mpokea simu ni kuiambia kampuni. Akilisema hilo mahakamani, mzigo unahama mabegani mwa mzee. Mzee mwenyewe alishasahau. Wanawe wamemsema hadi amekubali kwamba alijiponza. Bosi, ambaye anajua yote, amemshauri dada aseme hakumbuki.

"Sikumbuki vipi, wakati hata kicheko chake bado nakisikia?" Anatembea hadi dirishani, anarudi. "Nina watoto wawili shuleni. Naogopa, nisikudanganye. Lakini Ijumaa namwambia hakimu. Wakinifukuza, nitatafuta pengine, na huko kila anayehama mtandao nitamuuliza habari za king'ora chake. Wewe andika tu."

Jana alimpigia mzee kumweleza. Alijiandaa kutukanwa. Lakini mzee aliuliza polepole:

"Kwa hiyo, mwanangu, mimi sikuwa mzembe?"

"Hukuwa, mzee wangu. Mzembe ni mimi."

"Basi njoo uwaambie wanangu. Habari za cherehani tutaongea baadaye."

Leo anatoka kazini saa kumi. Anakwenda kwa mzee kwanza.