Abiria Aliyefutwa Bandarini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bado na nywele nyeusi kichwa kizima na kiburi cha kuwatosha watu watatu, nilipoingia biro, ofisi yetu ya boti hapa Kalemie, nikiwa nimeamua kufagia ndani ya mashine. Usicheke. Katika kazi hii yetu ya mashine za kompyuta, mtu akifika miaka arobaini na tano tayari ni babu, na babu ana haki ya kusimulia.

Kampuni yetu ilisafirisha watu na mizigo hadi Moba, na kila tiketi ilipita katika hifadhidata. Ndani yake mna fonksio, yaani maagizo yaliyotungwa mapema na kupewa jina. Ukiliita jina, kazi inafanyika. Moja hupiga hesabu ya nauli, nyingine hugawa viti. Aliyenitangulia, ambaye alikuwa amehamia Lubumbashi, alituachia nyingi kama mama mkwe anavyoacha maagizo. Kulikuwa na nauli mpya, nauli mpya zaidi, nauli ya mwisho, na nauli ya mwisho kabisa. Hiyo ya mwisho kabisa haikuwa ya mwisho.

Nikatafuta zile ambazo hazikuwa zimeitwa tangu kiangazi kianze, nikaanza kuzifuta. Katikati nikakutana na moja iliyoitwa safari ya Ilunga. Ilunga yupi? Mji huu umejaa akina Ilunga. Mama Faida, mkatisha tiketi wetu, alikuwa pale pale dirishani kwake, na ningeweza kumuuliza. Lakini mimi nilikuwa na diploma, na wenye diploma hawaulizi. Nikaifuta, nikaenda kununua mandazi. Nilijiona fundi kweli.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kesho yake jeneza likaletwa bandarini. Kijana wa Moba alikuwa amefariki hapa hospitalini, na mama yake alitaka akazikwe kwao, kando ya baba yake. Sasa kwetu ziwani, mwanangu, marehemu hapakiwi kama shehena. Ni msafiri. Anaandikwa kwa jina lake kati ya wasafiri, anapanda yeye kwanza, wengine nyuma yake. Nahodha hampokei bila karatasi, na nahodha wa siku hiyo alikuwa ameshaanza kulitazama ziwa, maana upepo wa mchana ukianza haondoki mtu mpaka kesho. Na maiti, nisamehe kusema, haiwezi kungoja kesho.

Mama Faida akabonyeza kitufe cha kuandikia marehemu, na kumbe kitufe hicho kiliita ile fonksio niliyoifuta. Mashine ikajibu kwamba haimjui Ilunga. Akajaribu kumwandika kijana kama abiria wa kawaida. Mashine ikataka kujua atarudi lini. Akajaribu upande wa mizigo. Huko kulikuwa na samaki, mahindi, simenti na ng'ombe. Maskini Mama Faida akachagua lililobaki, na karatasi ikatoka imeandikwa: Vitu vingine, kimoja.

Mama wa marehemu akasomewa. Hakupiga kelele. Alikuja hadi mlangoni pa biro, kitenge kimefungwa kiunoni, akauliza ni nani anayeiamuru mashine. Nilitazama nyuma yangu, nikaona ukuta.

"Ni wewe njo ulimufuta mutoto wangu?"

"Hapana, Mama. Sikumfuta yeye. Nilifuta tu..."

"Mutoto wangu ni vitu vingine?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nakala ya fonksio ile nilikuwa nayo, namshukuru Mungu, kwenye flashi yangu. Lakini flashi yenyewe nilikuwa nimewaazima wanakwaya wa parokia, wapate kupiga nyimbo za msiba. Msiba gani? Huo huo. Ilikuwa imechomekwa kwenye bafle, spika kubwa ya kwaya, pale gatini, karibu na jeneza, inaimba.

Nikatoka mbio. Wimbo ulikuwa umefika pale sauti nzito zinapoingia, watu wamefumba macho, nami nikaichomoa. Kimya kikatanda mpaka bata wa jirani wakasikika. Mwalimu wa kwaya akanikamata kola.

"Wewe, uko na akili kweli?"

"Papa, marehemu njo anaiomba," nikamwambia.

Akaniachia mara moja, na hata leo akiniona njiani hunisalimu kwa mbali.

Nikairudisha fonksio mahali pake. Mama Faida akabonyeza, na safari hii karatasi ikatoka na jina kamili la kijana, abiria, nafasi ya mbele. Huyo Ilunga, Mama Faida alinieleza baadaye, alikuwa marehemu wa kwanza kubebwa na boti yetu, na wote waliomfuata walisafiri kwa jina lake. Mama wa marehemu akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge, kisha akanigeukia.

"Mutoto, kitu kama haujui kazi yake, uliza. Miye leo bwana hakuna, mutoto hakuna, hakuna muntu wa kuniita. Na miye utanifuta?"

Boti iliondoka kabla ya upepo, nami nilibaki gatini nalia mbele ya wachukuzi, mwanaume mzima, mandazi ya jana mfukoni.

Basi sikiliza, mwanangu, kabla nawe hujaanza kufuta. Kufuta si kosa. Zile nauli za mwisho nilizifuta zote, na hakuna aliyezililia mpaka leo. Uchafu ukiuacha, siku moja mtu ataita fonksio ya zamani na kumtoza mwenzake nauli ya enzi za marehemu babu. Ila kutoitwa muda mrefu si ushahidi kwamba haihitajiki. Kuna kazi zinazongoja msiba. Waulize wanaoitumia, hasa wale usiowadhania. Kwanza ibadilishe jina tu, uiache masika yapite na kiangazi kipite, uone nani atalalamika. Nakala iweke mahali pasipoimba. Kuuliza si ujinga; ujinga ni ule niliokuwa nao mimi pamoja na diploma yangu.

Nenda, Mungu aibariki mikono yako na kazi yake. Na siku utakapozeeka, simu yako ikawa hailii tena, akujalie kijana atakayeuliza kwanza wewe ni nani.