Siku Mama Alipokwenda Kuisalimia Hela Yake

Miaka ile ya sabini benki za watu binafsi zilikuwa zimeshataifishwa nchi nzima, ila Igowole kwetu ilibaki moja, na serikali haikuwa na habari nayo. Ilikuwa kasha la chuma chini ya kaunta ya mwenye duka, mzee mwenye asili ya pwani aliyeuza chumvi, kanga na mafuta ya taa. Mama aliweka humo hela za pareto. Kila mwenye akiba alikuwa na kifurushi chake cha kitambaa na fundo lake mwenyewe. Siku ya gulio mama alikwenda kuisalimia hela. Mzee anakitoa kifurushi, mama analitazama fundo, anakipapasa, wanaulizana habari za watoto, kifurushi kinarudi kashani. Kuhesabu hakuna. Fundo likiwa salama, hela ni salama.

Mimi nikapata kazi ya ukarani katika benki ya umma mjini Iringa. Jamani, nilivimba kichwa! Viatu vya kisigino, dirisha langu mwenyewe, mhuri wa kugonga ta! ta! ta! Kitu kimoja tu kiliniuma: mama yangu mzazi alimwamini mwenye duka kuliko mimi. Likizo nzima nilimbembeleza. Nikamwambia benki ni yetu sote, tena inatoa riba, wakati kashani hela inalala tu kama paka jikoni. Mwishowe akakubali. Alikuja na kifurushi chake kinachonuka moshi, nikakipokea kwa mikono miwili, na jioni nilitembea mjini kama vile Iringa nimeinunua mimi.

Mwezi haujaisha, nikiwa dirishani nikaona kanga ninayoijua. Mama, na nyuma yake majirani zetu, akina mama waliokuwa wakingoja waone hela yake inakuwaje kwanza ndipo wahamishe za kwao.

"Kamwene, mwanangu. Tumekuja kuisalimia."

"Kumsalimia nani, mama?"

"Si hela!"

Nikamwambia haipo. Mpaka leo sijui kwa nini nilianza na neno lile. Akina mama walipiga yowe, foleni nzima ikageuka, na meneja akatoka ofisini mbio, miwani mkononi.

"Ipo, mama, ipo," alisema. "Imekwenda kazini tu. Tumewakopesha wenye kiwanda cha mbao kule Mafinga, wataturudishia na faida."

Mama alimtazama juu mpaka chini. "Imekwenda kazini bila kuniaga?"

Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa bahati alikuwa na safari ya kwenda kuukagua mkopo huohuo, basi akatupakia wote kwenye Landrova. Njia nzima ni nyimbo na vigelegele, na meneja anaitikia kiitikio asichokijua.

Mafinga msumeno ulikuwa unalia, hewa yote inanukia misonobari. Mama aliuendea mrundo wa mbao akasema kwa adabu zote, "Kamwene." Wenzake wakaitikia kwa niaba ya mbao. Akazipapasa vilevile alivyokipapasa kifurushi chake. Nilifurahi kiasi cha kutaka kugaagaa kwenye unga wa mbao.

"Inafanya kazi nzuri," alisema. "Lakini nitaitoa."

Furaha yote ikaniishia miguuni. Akiitoa yeye, basi na hao wengine hawaweki, na mimi nitabaki kuwa mtoto asiyeaminiwa nyumbani kwao.

"Kwa nini, mama?" meneja aliuliza.

"Yule mzee, hela kwake inalala, kweli. Lakini huyu binti yangu alipougua, mzee alifunga duka akatubeba na gari yake mpaka hospitali. Hakuuliza nina akiba kiasi gani. Nyinyi mna faida. Sawa. Mimi nikiugua, hii benki itajua?"

Meneja akaanza kueleza juu ya umma, barabara na zahanati, akaishia katikati. Alikuwa mtu mkweli.

"Nitajua mimi," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, nikarudia kwa nguvu kuushinda msumeno. "Mama, nitajua mimi!"

Mama akaulizia kitambaa chake cha kufungia hela. Kilikuwa mkobani mwangu, sikuwa na moyo wa kukitupa. Akakifunga mkononi mwangu, pale panapovaliwa bangili, kwa fundo lake lilelile.

"Basi hela ibaki kazini," alisema. "Mimi nitakuwa nakuja kusalimia hii."

Nilijifunza kukivua na kukivaa bila kulifungua lile fundo. Naye alikuja kila mwezi, akapanga foleni pamoja na wafanyabiashara wenye mabegi. Haweki, hatoi. Ikifika zamu yake anapitisha mkono dirishani, analipapasa fundo, ananiuliza kama nimekula, halafu anaondoka kuwahi basi.