Msichana wa Kwenye Boksi la Tamu ya Asubuhi

Jua halijachomoza vizuri Kitomanga, lakini Yustina Valerian ameshawasha moto nyuma ya nyumba. Anamwaga korosho kwenye kikaango cha bati, moshi mkali unapanda, naye anageuza uso pembeni bila kuacha kukoroga. Vidole vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda.

"Hii ndiyo kazi iliyobaki," anasema. "Zamani nilikuwa nakaanga za kiwandani."

Kiwanda hicho kidogo, nje ya mji wa Lindi, kilitengeneza Tamu ya Asubuhi: vipande vyembamba vya mtama vilivyookwa na kuchanganywa na korosho, vya kula na maziwa. Watoto wa Lindi mpaka Kilwa walivipenda. Kwenye boksi palikuwa na picha ya msichana mdogo anayecheka, pengo la mbele likionekana wazi. Alikuwa Tekla, mtoto wa pekee wa Yustina.

Mwenye kiwanda, Sixbert, alimpiga picha ile siku Tekla alipomfuata mama yake kazini. Mwaka uliofuata mtoto aliugua homa, akafariki njiani akipelekwa hospitali.

"Sixbert alikuja msibani akaniambia, 'Dada Yustina, picha tutaitoa.' Nikamkatalia. Nikamwambia, 'Iache, kaka. Dukani angalau nitakuwa namwona.'"

Na kweli akawa anamwona. Kila duka aliloingia, Tekla yuko rafuni, anacheka.

Kisha maboksi yakaanza kurudishwa. Mama mmoja wa Njinjo alisema mtoto wa kwenye picha anabadilika. Watu wakamcheka, mpaka Yustina mwenyewe alipochukua boksi ghalani akalisogeza kwenye mwanga.

Pengo halikuwepo. Jino lilikuwa limeota.

"Nilikaa chini palepale," anakumbuka. "Nilifurahi. Halafu nikaogopa ile furaha yangu."

Sixbert aliapa kwamba hajagusa kitu, picha ni ileile ya siku zote. Lakini maneno yalikuwa yameshasambaa. Wenye maduka waliyageuzia maboksi ukutani, wanunuzi wakapotea, kiwanda kikafungwa. Maboksi yaliyobaki yalichomwa moto bila Yustina kuambiwa.

"Wakati ule nilikuwa nimepanga jirani na kiwanda. Nilisikia harufu ya mtama unaungua, nikatoka mbio. Nikakuta majivu."

Boksi moja tu lilinusurika. Analo Haruna, muuza duka wa Kiranjeranje. Wiki iliyopita alimpigia Yustina simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Njoo umchukue mtoto wako. Siku hizi amesuka nywele. Mke wangu hataki tena kubaki naye dukani."

Basi la kwenda huko linapita barabarani kila asubuhi. Yustina hulisikia likipiga honi, kisha huendelea kukoroga korosho zake.

Msimu ukiisha atakwenda, anasema. Ameshaazima kitanda cha pili, kimetandikwa shuka mpya na kuwekwa karibu na dirisha. Majirani wamemwona akikihangaikia, wakaona heri wasiulize.

Anapoulizwa kama haogopi kwenda kulichukua boksi hilo, Yustina anainama kupuliza moto, kisha anajifuta macho kwa upande wa kanga.

"Naogopa sana," anajibu. "Naogopa nikifika nikute ni picha tu."