Annakali na Taa Mbili

Annakali alipewa jina hilo kwa sababu baba yake alikuwa amechoka. Alikuwa binti wa nne, na mzee akaona amwombe mungu wa kike, Kali, kupitia jina la mtoto, maana Annakali ni kusema "Kali, basi": wasichana basi, usituletee tena. Wakaletewa wengine watatu. Jina halikuzuia kitu, ila mwenyewe alilibeba miaka sitini na moja, hapo hapo kijijini karibu na mji wa Bardhaman. Akikaanga bisi zake za mchele, wateja humtania, "Annakali, ongeza kidogo, au nazo basi?" Hucheka nao. Humuuma vilevile.

Sasa mwanawe Nimai alikuwa amepata binti wa tatu. Siku ya kumlisha mtoto wali wa kwanza, jina huchaguliwa kwa taa: kila jina na taa yake, itakayozimika mwisho ndiyo mshindi. Khirodbala, wifi yake Annakali, mwanamke asiyejua kunong'ona, alileta jina la Khanto, yaani Komeni. Annakali akaleta Aparajita, Asiyeshindwa.

"Wifi, acha makuu," alisema Khirodbala. "Huyu anataka jina la kufunga mlango."

"Na mimi nilifunga mlango gani? Wadogo zangu watatu walipitia dirishani?"

Nimai alijifanya anakagua kucha zake. Mkewe Sulata alimkumbatia mtoto, akamtazama mama mkwe wake kwa macho ya kuomba.

Taa zikawashwa. Kwa uroho wa ushindi, Annakali alikuwa ameijaza yake mafuta hadi pomoni. Utambi ukazama, mwali ukabaki kupepesa. Ya Khirodbala, iliyotiwa samli kisirisiri, iliwaka kwa madaha. Kuhani aliyesimamia sherehe akasafisha koo atangaze mshindi.

Annakali akainama, akaipuliza taa ya wifi yake. Fuu!

"Mama yangu! Wifi, una wazimu? Umeizima!"

"Kwani mimi naitwa nani?"

"Annakali!"

"Ehe. Basi ndiyo basi."

Kuhani alilitazama bakuli la wali wa maziwa mkononi mwa Annakali, kisha akazitazama taa.

"Inayowaka ni moja," alisema, akanyoosha mkono kupokea bakuli.

Sulata alilia huku anacheka. Baada ya miaka sitini na moja, jina la Annakali lilikuwa limemzuia msichana mmoja asije duniani: Khanto.